Kung'oa milingoti 26 na visiki vyake: shajara kutoka Mufindi

25 Mei 2024: Hesabu na ruhusa

Shamba ni robo tatu ya eka, nje kidogo ya mji wa Mafinga. Marehemu baba alipanda milingoti hii (mikaratusi) mwaka 1996 ili ikinge upepo na itupe kuni, na kwa kweli ilitufaa. Nguzo za jiko la mama zimetoka humo humo. Sasa imetuzidi. Mizizi imeinua sakafu ya jiko, chini ya kivuli chake hata ukoka haushiki, na upande wa bondeni imejipanga kando ya kijito ambako kaya saba huchota maji. Nataka sehemu ya juu ibaki wazi, visiki vitoke, tulime maharage msimu mmoja au miwili kisha tupande parachichi.

Nimeamua kuandika kila hatua kwa sababu Mafinga hii hukosi mtu wa kukufundisha kuangusha mti. Tunaishi mlangoni pa msitu wa Sao Hill, na milio ya chenso (misumeno ya injini) na mashine za dingidongi za kupasulia mbao ndiyo inayotuamsha. Lakini nikiuliza kisiki kinatokaje, jibu ni moja: "Tafuta vijana wachimbe." Vijana wangapi, siku ngapi, shilingi ngapi, hakuna aliyesema.

Tumehesabu mimi na mdogo wangu. Miti 26: ishirini sehemu ya juu, sita kando ya kijito. Unene wa shina pale linapogusa ardhi ni kuanzia sentimita 28 hadi 52. Miwili imeegemea waya wa umeme, miwili mingine iko hatua tatu tu kutoka ukuta wa jiko. Mpakani kuna miwati minne midogo. Hiyo tutaifyeka wakati wowote, si ya kuumiza kichwa.

Nilianza kwa mwenyekiti wa kitongoji, akanipeleka kwa mtendaji wa kijiji. Mnunuzi wa magogo amekubali kushughulikia mwenyewe hati ya kusafirishia mazao ya misitu kwa watu wa TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Kwa ile miti sita ya bondeni alikuja afisa mazingira tukapima kwa tepu. Mti wa mbali kabisa uko mita 22 kutoka kijitoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuharibu ukingo, ndani ya mita 60. Tukakubaliana: kukata ruksa, kuchimba visiki hapana, dawa hapana. Ukingo ukichimbuliwa, mvua za Desemba zitaupeleka wote mtoni.

Bei za kukodi nilizozikuta: chenso sh 35,000 kwa siku bila mafuta, cheni bloku ya gereji (kifaa cha mnyororo cha kuinulia mizigo) sh 15,000 kwa siku, mtambo wa kijiko cha kuchimbia sh 110,000 kwa saa, usafiri wake mbali. Mashine ya kusaga visiki nimeiulizia Mafinga, Makambako na Iringa mjini. Sikupata mwenye nayo ya kukodisha.

8 Juni 2024: Miti tisa chini

Tumekodi chenso pamoja na fundi wake, ambaye yeye ni sh 30,000 kwa siku. Fundi anaangusha, sisi tunakata matawi na kuburuta. Kazi hii haina maelezo marefu: mdomo unakatwa upande mti unakotakiwa kulala, kata ya nyuma inakuja juu kidogo ya mdomo, na katikati unaacha ukanda wa mbao ambao mti unaukunjia kama mlango kwenye bawaba. Ukanda huo ukiukata wote, mti unaenda unakotaka wenyewe. Kitu kimoja fundi alikikazania kuliko vyote: mti ukianza kulia, ondoka kwa mshazari. Usisimame nyuma yake hata kidogo, shina huweza kuruka kurudi nyuma.

Kosa moja tuliliwahi. Nilikuwa nimeshafungua dumu la petroli nijaze, fundi akanishika mkono. Petroli ya chenso lazima ichanganywe na oili. Kwa oili ya kawaida ya kuchanganya yeye anaweka mililita 40 kwa kila lita. Kwa oili nzuri iliyotengenezewa chenso, mililita 20. Petroli tupu huua pistoni ndani ya muda mfupi, na kwa makubaliano ya kukodi, pistoni ikifa mikononi mwako ni yako.

Mnunuzi alitaka magogo yakatwe chini kabisa, kwani kipande cha chini ndicho kinene na ndicho chenye mbao nyingi. Tukakata kwa kiwango cha sentimita 5 kutoka ardhini. Hadi jioni miti tisa imelala, uwanja umefunguka, na kutoka jikoni kwa mama sasa unaona mlima wa ng'ambo. Mama alikaa nje mpaka giza.

15 na 16 Juni 2024: Kisiki cha kwanza kimekula sh 130,000

Nitakaa hapa kidogo, maana hapa ndipo fedha ilipopotea.

Tulichagua kisiki chenye upana wa sentimita 46. Vibarua wawili, sh 10,000 kila mmoja kwa siku, sururu mbili, chepe, shoka na mitaimbo. Hadi saa sita mchana wa siku ya kwanza walikuwa wamezungusha shimo la upana wa mita mbili, kina cha goti. Mizizi mikubwa ya pembeni ilikuwa 11, mingi ikiwa kati ya sentimita 20 na 60 chini ya ardhi, minene kama mkono wa mtu mzima, mitatu kama paja.

Ili kazi iende haraka nilikuwa nimekodi tena chenso, bila fundi, ikate mizizi. Mzizi wa kwanza ulikatika kama mkate. Wa pili ukatoa cheche. Kwenye wa tatu chenso ikaanza kunguruma bila kuingia, moshi ukanuka kama mbao inayoungua, na kilichotoka pembeni kilikuwa unga. Chenso yenye meno hutema chenga. Ikianza kutema unga, meno yamekwisha. Tulipozima na kuupindua mnyororo tukaona ncha zote zimekuwa duara, na meno manne yamevunjika kabisa. Mzizi ulio ardhini umebeba mchanga na vijiwe ndani ya mikunjo ya gome, na mchanga ndio adui wa mnyororo. Tulijaribu kuunoa kwa tupa saa nzima. Mwenye chenso alitazama mara moja tu akasema mnyororo mpya, sh 55,000. Alikuwa na haki.

Tangu hapo sheria yetu ni moja: chenso haishuki chini ya usawa wa ardhi. Mizizi ni kazi ya shoka, tena shoka la zamani ambalo hulionei huruma. Mzizi ambao shoka haliufikii vizuri, unaumwagia maji kwanza na kuusugua kwa brashi ya kufulia, kisha msumeno wa mkono.

Siku ya pili mizizi yote ya pembeni ilikuwa imekatwa, kisiki kinatikisika, lakini hakigeuki. Chini yake kuna mizizi mingine inayoshuka wima, na huwezi kuifikia mpaka kisiki kiinuke. Mitaimbo miwili, watu wanne, tunakandamiza. Kinainuka vidole viwili na kurudi. Hapo ndipo mzee jirani alipopita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kamwene." Akazunguka shimo mara moja. "Mwanangu, mpini umeuuza, sasa unahangaika na jembe tupu."

Nilimwomba afafanue, akanionyesha kwa fimbo yake. Akaichomeka ardhini, akaisukuma kwa kidole kutoka juu, ikang'oka na bonge la udongo. Akaichomeka tena, akaisukuma karibu na ardhi, haikusogea. Shina ndilo wenzo wako. Ukiliacha kimo cha kifua, nguvu ya mtu mmoja juu inafanya kazi ya watu kadhaa chini. Ukilikata sentimita 5 kutoka ardhini, huna pa kushika, huna pa kufunga kamba, huna pa kusukumia.

Kisiki kile tulikitoa hatimaye kwa kukipasua vipande vinne kwa kabari na nyundo, kipande kimoja kimoja. Vibarua sh 40,000, chenso sh 35,000, mnyororo sh 55,000. Na vilivyokatwa hivyo bado vipo vinane.

29 na 30 Juni 2024: Miti 17 iliyobaki

Nilirudi kwa mnunuzi, tukazungumza upya. Miti 11 ya juu iliyobaki inakatwa kimo cha mita 1.5 kutoka ardhini, naye atanipunguzia sh 5,000 kwa kila mti kwa sababu ya kipande cha chini anachokikosa. Nilikubali.

Kwa ile miwili iliyoegemea waya nilitoa taarifa TANESCO, laini ikazimwa, fundi akaiangusha kwa kamba mbili. Sitamshauri mtu yeyote aguse mti wa namna hiyo umeme ukiwa unapita, hata kama tawi linaonekana liko mbali.

Miti sita ya kijitoni tumeikata chini kabisa, kwa kuwa visiki vyake vinabaki. Swali likawa jinsi ya kuvizuia visichipue bila dawa. Mlingoti hauchipui kutoka kwenye mbao. Una macho yaliyolala chini ya gome, na ukikatwa ndiyo yanaamka. Gome likitoka lote, macho nayo yametoka. Kwa hiyo tumemenya kila kisiki kwa shoka na panga, tukafukua udongo kwa mikono na kushuka nalo gome kama sentimita 10 chini ya usawa wa ardhi. Kazi ya polepole. Juni gome limegandana na mbao, kisiki kimoja kilichukua dakika 40 na zaidi. Mzee anasema tungefanya Februari, mti ukiwa umejaa maji, lingebanduka kama ganda la ndizi. Mwenye kupanga mapema na apange hivyo.

13 na 14 Julai 2024: Cheni bloku

Baridi kali, asubuhi nyasi zimevaa jalidi, vibarua wanaanza saa tatu. Tumekodi cheni bloku ya tani 3 kutoka gereji kwa siku mbili, na nimenunua waya wa chuma uliotumika, mita 12, sh 35,000. Mpango: kibarua mmoja anachimba kuzunguka shina na kukata mizizi ya pembeni, kisha tunalivuta shina liangukie upande mmoja na kubeba mizizi yake.

Mara ya kwanza tulifunga waya kimo cha goti. Waya ukaingia ndani ya mbao, shina halikutikisika. Fimbo ya mzee ilikuwa imeshanifundisha somo hilo, lakini mikono ilikuwa imesahau. Tukapandisha waya hadi mita 1.3, tukakata kijimfereji kwa panga ili usiteleze kwenda juu.

Mara ya pili kikatokea jambo ambalo sikulitarajia. Nanga yetu ilikuwa shina jingine, umbali wa mita tano, jembamba kidogo, na bloku tulikuwa tumeifunga kwenye nanga kimo cha kiuno. Mdogo wangu anavuta mnyororo, waya umekaza unaimba, mara tukasikia mlio kama kitambaa kinachochanika. Tukatazama shina tunalolivuta: limetulia. Nyuma yetu nanga ilikuwa inainama taratibu, udongo unapasuka upande wa pili, na mizizi yake inatoka mmoja mmoja, *pa, pa, pa*. Ikalala chini bila hata kuchimbwa.

Kisiki kimoja kimetoka bure, ni kweli, lakini kama mtu angekuwa amesimama kati ya bloku na nanga mambo yangekuwa mengine. Tulikaa chini tukapanga upya. Kwenye shina unalotaka ling'oke, funga juu. Kwenye nanga, funga chini kabisa, waya uguse udongo. Nanga iwe nene kuliko unachovuta. Kama huna nene, unganisha mbili. Na juu ya waya, katikati, ning'iniza gunia lenye mchanga: waya ukikatika, gunia linauangusha chini badala ya kuuacha upige watu kama mjeledi. Watoto na wapita njia wote wawe mbali kuliko urefu wa waya.

Tatizo dogo lililobaki ni cheni bloku yenyewe. Imetengenezwa kuinua mzigo wima. Ukiilaza, mnyororo wa kuvutia kwa mkono unaruka kwenye gurudumu lake. Tuliweka ubao chini yake, mtu mmoja akishika mnyororo usichezecheze. Pia inavuta mita tatu tu kisha inabidi ufunge upya.

Baada ya marekebisho hayo tulitoa mashina matatu zaidi. Kwa kila moja: saa tatu za kuchimba, dakika 40 za kuvuta. Kibarua sh 15,000 kwa shina, bloku sh 30,000 kwa siku zote mbili. Ukigawanya kwa mashina manne, ile nanga ikiwemo, ni chini kidogo ya sh 19,000 kila moja bila kuhesabu waya. Linganisha na sh 130,000 za Juni. Kwa mwenye visiki vinne au vitano, ningesimama hapa hapa. Sisi tuna saba virefu bado, ardhi inazidi kukauka na kuwa kama tofali, na vijana wamechoka.

24 Agosti 2024: Vimechipua

Visiki viwili vya karibu na jiko haviwezi kung'olewa, ukuta utapasuka. Hivyo nilinunua lita moja ya dawa ya magugu ya glaifosati, sh 18,000, na katikati ya Julai nikavipaka juu kote kwa brashi. Leo vyote viwili vina machipukizi yenye urefu wa kiganja, mekundu, yenye afya njema.

Muuza pembejeo aliniuliza swali moja: "Ulikata lini, ulipaka lini?" Nilikata 8 Juni, nikapaka wiki tano baadaye. Kosa ni hilo. Kisiki kikikatwa, sehemu hai inabeba dawa kwenda mizizini kwa dakika chache tu, kisha inajifunga. Na sehemu hai yenyewe ni ile pete nyembamba iliyo chini ya gome. Moyo wa kisiki ni mbao iliyokufa, nilikuwa naupaka bure.

Leo tumekodi chenso kwa nusu siku, sh 20,000. Tukaondoa machipukizi, mdogo wangu akakata kipande chembamba kutoka juu, unene wa vidole viwili, nami nikiwa nimesimama na brashi. Kabla dakika tano hazijaisha nilikuwa nimepaka pete nzima kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Glovu mbili, miwani, mikono mirefu, na kuku wote wamefungiwa. Robo lita haikuisha.

14 hadi 25 Septemba 2024: Moto

Visiki viwili vya upande wa jirani wa kaskazini nilitaka nivichome, vimekauka na ni rahisi. Nilipata kibali cha moto kijijini. Septemba hapa si mwezi wa kucheza na moto, nyasi zimekauka na msitu uko karibu. Tulisafisha mita tano kuzunguka, tukajaza maranda na matawi makavu kuzunguka kisiki cha kwanza, tukakifunika kwa nusu pipa ili moto uende polepole kama wa mkaa. Siku tatu kikawa bakuli la majivu. Tukamwaga maji, tukaondoka tumeridhika.

Asubuhi ya tarehe 18 mama alinipigia simu: "Njoo, ardhi inatoa moshi." Kweli. Mita tatu kutoka kwenye kisiki, chini ya wigo wa jirani, udongo ulikuwa na joto ukiweka kiganja, na moshi mwembamba unatoka kwenye ufa. Moto ulikuwa umeingia kwenye mzizi na kuufuata chini kwa chini kama utambi. Nguzo mbili za wigo zilikuwa zimeshashika moto kutoka chini. Tulichimba kuufuata mzizi wote, tukamwaga ndoo 14, tukauzima. Jirani nilimlipa sh 40,000 za nguzo na misumari, nikamwomba radhi mbele ya mwenyekiti. Alinipokea vizuri, lakini usiku ule sikulala. Ningekuwa na upepo wa kusini ningeandika mambo mengine hapa.

Kisiki cha pili tulikiwasha tarehe 21 baada ya kuchimba mfereji kukizunguka, mita moja kutoka kwenye shina, na kukata kila mzizi unaopita, nafasi ya kiganja kati ya vipande, udongo mtupu katikati. Kiliungua siku nne, moto haukuvuka mfereji. Bado nililala pale usiku mbili.

Wiki hiyo hiyo tulifyeka miwati minne ya mpakani na kuchoma matawi yake pale pale.

12 Oktoba 2024: Kijiko

Nilisubiri mtambo utufuate badala ya kuufuata. Kijiko cha minyororo kilikuwa kinachimba bwawa la shamba la kilomita mbili kutoka kwetu, kwa hiyo kuletwa kwake ikawa sh 100,000. Kingetoka mjini juu ya lori, wangenitoza mara tatu. Kiwango cha chini ni saa nne.

Nilishika saa ya simu kisiki kwa kisiki. Mashina saba marefu: wastani dakika 9 kila moja. Dereva anaweka ndoo ya kijiko juu ya shina, anasukuma mpaka mizizi ya nyuma inaonekana, anazunguka anaikata kwa meno ya ndoo, anasukuma tena, limeondoka. Visiki vinne vifupi: wastani dakika 26. Hapo hana cha kusukuma, anachimba kuzunguka pande zote kama tulivyochimba sisi, ila kwa nguvu zaidi. Kwa sh 110,000 kwa saa, tofauti ya dakika 17 ni kama sh 31,000 kwa kila kisiki. Mnunuzi alinipunguzia sh 5,000 kwa mti nilioukata juu.

Makosa mawili ya siku. La kwanza: kwenye visiki vitatu vya mwanzo dereva alirudisha udongo ovyo, ule mwekundu wa chini ukaja juu na mweusi ukazikwa. Nilimsimamisha. Tangu hapo mweusi kushoto, mwekundu kulia, na kabla ya kuweka kisiki pembeni anakitikisa udongo wote udondoke. Dakika moja zaidi tu.

La pili aliliona shemeji, ambaye alifanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya chai ya Mufindi. Vipande vya mizizi vilikuwa vinafukiwa mashimoni. Akasema mbao inayooza ardhini ndiyo nyumba ya kuvu ya amilaria, ambayo huhama kutoka mzizi mfu kwenda mti ulio hai, chai au tunda. Kwenye chai, mti wa kuondolewa humenywa gome kwa pete kuzunguka shina muda mrefu kabla ya kukatwa, ili mizizi imalize wanga wake na kuvu ikose chakula. Laiti ningemuuliza Mei. Tulitumia saa iliyobaki kuokota vipande, kila kilichozidi unene wa kidole gumba.

7 Desemba 2024: Baada ya mvua za kwanza

Mashimo yameshuka, mengine sentimita 20, na maji yanatuama. Parachichi haivumilii maji miguuni, mizizi inaoza. Tumejaza tena kwa tabaka, tukishindilia kwa miguu kila kimo cha chepe, na juu tumeacha kichuguu.

Na miwati. Pale tulipochoma matawi pameota kijani kibichi kama kitalu. Nilipima mraba wa mita moja kwa kamba, nikahesabu miche 63. Mbegu ya muwati ina ganda gumu na hukaa ardhini miaka mingi ikisubiri. Moto unalipasua ganda, mvua inamaliza kazi. Nilifikiri nasafisha, kumbe napanda. Dawa yake ni mikono: inang'olewa ikiwa na kimo cha kidole, udongo ukiwa na maji, mzizi unatoka wote. Siku mbili, watu watatu, na Januari tutarudia.

22 Februari 2025: Hali ilivyo

Visiki sita vya kijitoni: vitano vimekufa kimya, kimoja kimechipua upande mmoja. Nilifukua nikakuta ukanda wa gome wa upana wa vidole viwili tuliouacha chini ya udongo, na machipukizi yote yametoka hapo. Nimeumenya. Visiki vya jikoni havijatoa jani tangu Agosti.

Gharama zote: chenso 160,000, mnyororo 55,000, fundi 90,000, petroli na oili 68,000, vibarua 85,000, cheni bloku 30,000, waya 35,000, dawa 18,000, kijiko 540,000, wigo wa jirani 40,000. Jumla sh 1,121,000. Magogo yalituingizia sh 540,000, na kuni za mama zipo za zaidi ya mwaka.

Maharage tumepanda wiki hii. Mashimo ya parachichi yatasubiri msimu ujao, nataka nione kwanza kama ardhi itashuka tena. Jirani wa juu naye ameanza yake. Jana nilipita nikaona miti mitano imelala na mashina yote yamesimama kimo cha kifua. Waya wangu uko kwake hadi Jumamosi.